Ngazi Tatu za Mlangoni



Taasisi yetu imezoea kuzungumza nanyi juu ya bili, mizani na risiti. Leo naomba ruhusa nizungumzie huduma isiyouzwa: kituo cha kupigia kura.

Vituo vyetu vingi huwekwa katika madarasa ya shule za msingi, na madarasa mengi yana ngazi mlangoni. Ngazi tatu zenye kimo cha sentimita 15 kila moja hufanya sentimita 45. Kwa kipimo kinachokubalika, kila sentimita moja ya kupanda huhitaji sentimita 12 za mteremko. Hivyo pahitajika mteremko wenye urefu wa mita 5.4, ubao wa mita moja ulioegeshwa alfajiri ni hatari tupu. Lililo rahisi zaidi ni kukihamishia kituo darasa lisilo na ngazi.

Katika uchaguzi mmoja nilimsindikiza bibi yangu. Vijana wawili walimbeba, kwa nia njema kabisa, mbele ya foleni nzima. Alipiga kura. Njiani akaniambia kwamba hatarudi tena kubebwa kama gunia. Katika hesabu ya kituo, alihudumiwa.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unataka katika Ibara ya 29 kwamba taratibu, majengo na vifaa vya kupigia kura vifikike na vieleweke kwa urahisi, na kura ibaki siri. Asiyeona na aulizie kifaa cha nukta nundu, kimwezeshacho kuweka alama mwenyewe. Akipenda kusaidiwa, msaidizi ni yule aliyemchagua yeye, wala si wakala wa chama. Mwenye kiti mwendo naye atazame meza ya kituturi: ikiwa juu mno, karatasi yake itajazwa machoni pa watu. Wazee, wagonjwa, wajawazito na kina mama wanaonyonyesha waliofika na watoto hutangulizwa, lakini wengi hawalijui hilo, hukaa juani wakingoja huruma. Benchi chini ya mwembe, nathubutu kusema, halihitaji bajeti.

Orodha za wapiga kura hubandikwa vituoni siku kadhaa kabla ya uchaguzi. Uendapo kutafuta jina lako, utazame na mlango. Ukiona ngazi, mwandikie siku hiyo hiyo msimamizi msaidizi wa uchaguzi wa kata, utaje kituo na idadi ya ngazi, nawe ubaki na nakala. Asubuhi ya kura, msimamizi wa kituo hana tena fundi wala mbao.