Sisi Sote Tuna Safari
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wakristu wa parokia siku ya Jubile)



Siku hii tunamshukuru Mungu kwa ajili ya parokia yetu hapa Likasi. Lakini parokia si matofali, ni watu, na watu hao walitoka mbali. Kwa hiyo twataka kusema juu ya safari za wazazi wetu, na juu ya faida ya kuzisimulia katika mashirika yetu.

Kampani ya Union Minière ilianzishwa mwaka 1906. Mwaka 1910 reli ya kutoka kusini ilifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Kazi ya shaba ilitaka mikono mingi. Wengine walitoka vijiji vya Katanga yenyewe, wengine Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia, wengine Kasai; na katika miaka ya 1920 wengine waliletwa kutoka Rwanda na Burundi. Mwaka 1928 reli ilifika Ilebo, na watu wa Kasai wakazidi kuja. Katika kambi walipewa nyumba na posho, wakafahamiana kwa Kiswahili hiki tunachosali nacho.

Hata hivyo, twajua yaliyofuata. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Walilala siku nyingi penye vituo wakingoja gari la moshi, na wengi walikufa kwa njaa na magonjwa. Wengi kati yao walizaliwa hapa. Kasai waliijua kwa masimulizi tu. Baadaye wengine walirudi. Leo twapeana mkono wa amani katika Misa, lakini mkono waweza kutolewa na moyo ukabaki umefungwa.

Basi tufanye hivi. Katika kila shirika, baada ya kusoma Injili, familia moja isimulie safari yake. Baba au babu alitoka wapi? Kwa nini alitoka? Nani alimpokea usiku wa kwanza? Msimulizi aseme yaliyompata yeye na jamaa yake, wala asiseme kabila la mwingine. Wenzake wasimkate neno. Hatukusanyiki ili kudai nyumba. Mambo ya hukumu yana mahali pake. Wenyeji nao wasimulie, kwani nao waliacha vijiji vyao, nao waliona uchungu kazi nzuri zilipopewa wengine. Asiyesikilizwa hawezi kusikiliza.

Neno hili si geni. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 26, Mwisraeli aliyeleta kikapu cha mazao ya kwanza alipaswa kwanza kusimulia jinsi baba yake alivyohamahama, akakaa Misri kama mgeni, na jinsi Mungu alivyowatoa katika mateso. Ndipo alipofurahi pamoja na Mlawi na mgeni. Naye Bwana wetu alipelekwa Misri angali mtoto, akikimbia upanga wa Herode.

Ndugu wapenzi, wazee wanatutoka mmoja mmoja. Tusipowauliza sasa, watoto wetu watajifunza habari za majirani wao kwa wale wanaotafuta kura kwa kuchochea chuki. Afadhali wazisikie nyumbani, kinywani mwa aliyesafiri.

Mungu abariki Jubile yetu, na azibariki njia zote zilizotuleta hapa. Amina.