Mega ni zetu, telefone ni yetu: maneno kwa vijana wa Kirolirwe juu ya kivinjari kipya



Kuna watu watashangaa. Watasema: Masisi inalia usalama, inalia barabara, inalia masomo ya watoto, halafu vijana wa mwendo wa raia wanakuja kuzungumza juu ya Chrome na Opera Mini? Tunawajibu hivi. Kijana akitafuta tangazo la kazi, anapita kwenye kivinjari. Akitaka kujua matokeo ya EXETAT, anapita pale pale. Mama akitaka kujua kama barabara ya Sake inapitika leo, mtoto wake anafungua kivinjari. Na sisi tukiandika barua ya kudai haki, tunaituma kwa mlango huo huo. Mtu akibadilisha kufuli ya mlango wako pasipo kukuuliza, utanyamaza?

Basi kufuli inabadilishwa kila mara. Septemba 2021, Google ilianza kutoa toleo jipya la Chrome kila wiki nne. Mbele ya hapo ilikuwa kila wiki sita. Firefox nayo inaenda kwa mwendo kama huo. Kila toleo linakuja na vitu vipya, na vingine vya zamani vinaondolewa. Sisi tunaona tu kiduara kinazunguka, kisha mega zimeisha.

Tulipoanza kuongea na vijana juu ya mambo haya, neno la kwanza lilikuwa lile lile kila mahali: «Mise à jour inakula mega yangu bule.» Tuanzie hapo.

Ni kweli, inakula. Toleo jipya la kivinjari linaweza kumaliza makumi ya mega, na kwa mtu anayenunua mega za siku moja, hiyo ni siku yake nzima. Lakini kuna jambo lingine ambalo wengi hawakuliona. Chrome ya Android ilikuwa na kitu cha kupunguza matumizi, kiliitwa «Économiseur de données», kisha kikabadilishwa jina. Machi 2022, pamoja na toleo la 100, Google ilikiondoa. Sababu iliyotoa ni kwamba bei ya data imeshuka katika inchi nyingi, na Chrome yenyewe imeboreshwa ili ipunguze matumizi ya data. Katika inchi nyingi! Je, ni nani aliyeuliza bei ya mega hapa Masisi?

Munakumbuka vizuri mwaka huo. Ni mwaka 2022 ambao ile taxe ya RAM iliondolewa. Tangu 2020 ilikuwa inakatwa kimya kimya kwenye units zetu: dola 1 kwa mwaka kwa telefone ya 2G, dola 7 kwa telefone ya 3G au 4G. Wananchi walisema hapana, vijana wakasema hapana, swali likafika bungeni, mwisho serikali ikaiacha. Tunaleta mfano huu kwa sababu moja. RAM iliondoka kwa kuwa watu walitambua kile kinachokatwa, wakakitaja kwa jina. Kile kinachokatwa na kivinjari hatujakitaja bado.

Sasa, wengine wanafanya nini? Wanazima mise à jour zote, kabisa. Tunawaelewa, lakini hapo tunawaomba musikie neno hili. Septemba 2023 ilionekana kasoro katika namna vivinjari vinavyosoma picha za aina ya WebP. Picha iliyotengenezwa kwa ujanja iliweza kumpa mtu mwingine njia ya kuingia ndani ya kifaa chako. Picha tu, wandugu! Chrome, Firefox na vingine vyote vililazimika kurekebishwa haraka. Yule aliyekuwa amezima mise à jour alibaki na mlango wazi, naye hajui.

Kwa hiyo tusizime, tupange. Ingia Play Store, gusa picha yako juu, fungua «Paramètres», kisha «Préférences réseau». Pale uchague mise à jour ipite kwa Wi-Fi peke yake. Halafu, siku ukipata Wi-Fi, kwa rafiki, parokiani, kwenye ofisi ya shirika, anza na vitu viwili: kivinjari na WhatsApp. Michezo ya kubahatisha na programu za kupamba picha zingojee.

Kuna swali la pili, na hili linauma zaidi: «Mimi nimebonyeza, imekataa. Inasema telefone yangu haifai.» Ni kweli, haikosei. Chrome ya mwisho iliyokubali Android 7 ilikuwa toleo la 119, mwaka 2023. Tangu Agosti 2025, Chrome mpya inadai Android 10 au zaidi. Telefone nyingi zinazouzwa kwenye masoko yetu zimekwisha kutumika na watu wawili au watatu mbele yako. Zinapiga simu vizuri, zinacheza muziki vizuri, lakini kivinjari chake kimeachwa nyuma, hakipati tena dawa ya kasoro mpya.

Na munajua telefone hizo zinatengenezwa na nini. Kutoka hapa hadi Rubaya si mbali, ni Masisi ile ile. Umoja wa Mataifa unakadiria kwamba machimbo ya Rubaya yanatoa karibu asilimia 15 ya tantalum ya dunia nzima, ile inayotoka kwenye coltan. Kijana wa Masisi anashuka shimoni, jiwe linaenda, linarudi likiwa telefone iliyochoka, na hiyo telefone inamwambia: wewe haufai kwa toleo jipya. Hatusemi haya ili tulie. Tunasema ili mtu asituambie kwamba mambo ya vivinjari ni ya wazungu.

Nasi tulio na diplome ya chuo kikuu na hatuna kazi, tunalijua vizuri. Leo ombi la kazi ni fomu ya mtandaoni. Unajaza ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, unafika mwisho, kifungo cha kutuma hakiitiki kwa sababu kivinjari ni cha zamani. Muda wa tangazo unaisha saa sita usiku. Kesho yake utaambiwa kwamba vijana wa Masisi hawakuomba.

Jambo la tatu ni la usalama, na hapa tunaomba umakini wa kila mtu. Vijana wengi wanafikiri ukifungua «Navigation privée», ile yenye kofia na miwani, hakuna anayekuona. Si hivyo. Ile inafanya kazi moja: ukiifunga, kivinjari hakiachi historia ndani ya telefone yako. Kampuni ya simu inaendelea kuona tovuti ulizotembelea. Tovuti yenyewe inaweza kukutambua. Mwaka 2020 watu kule Marekani walishitaki Google juu ya jambo hili hili. Aprili 2024 masharti ya mapatano yakajulikana: Google ilikubali kufuta mabilioni ya rekodi, na maandishi yanayoonekana ukifungua ukurasa wa faragha yakabadilishwa ili yaseme wazi zaidi. Kama watu wa California walidanganyika, hakuna haya kwetu kujifunza leo.

Kwa nini tunasisitiza? Kwa sababu huku kwetu telefone inashikwa. Mtu yuko kwenye moto, anafika kwenye barriere, mwenye silaha, awe wa upande wowote, anasema: leta telefone, fungua. Anaangalia picha, anaangalia ujumbe, anaweza kuangalia historia. Na tunajua kwamba mambo ya tovuti yamekwisha kuwapeleka vijana gerezani katika inchi hii. Machi 2015, Kinshasa, siku ya kuzindua Filimbi, vijana walikamatwa. Kati yao alikuwa Fred Bauma wa LUCHA, na Yves Makwambala, ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza tovuti na michoro. Walikaa gerezani hadi Agosti 2016.

Basi, vitu vitatu vya kufanya, na vyote vimo ndani ya Chrome za miaka ya karibuni. Kwanza, nukta tatu pale juu zina neno la kufuta data za kivinjari. Tangu 2024, ukiligusa, unaweza kufuta dakika 15 za mwisho kwa mara moja. Pili, kurasa za faragha unaweza kuzifungia kwa alama ya kidole. Yeyote akichukua telefone yako, hazifunguki mpaka kidole chako. Lakini tuseme ukweli wote: mbele ya mtu mwenye bunduki, kidole chako ni chake. Ndiyo maana la kwanza linapita la pili: kisichokuwepo hakifunguliwi. Tatu, usikubali kivinjari kihifadhi neno la siri kwenye telefone ambayo munaitumia watu wanne nyumbani.

Kuna na yale maswali madogo: «Autoriser» au «Bloquer»? Tovuti inataka kukutumia notification, inataka kujua uko wapi. Wengi wanabonyeza «Autoriser» ili wapite haraka. Mahali ulipo, wandugu, katika eneo la vita, si habari ya kumpa kila tovuti ya muziki. Jibu la kawaida liwe «Bloquer». Ukihitaji siku moja, utafungua.

Wengine hapa munatumia Opera Mini, kwa sababu inabana mega. Ni kweli inabana sana. Lakini mujue inavyofanya: katika hali ya kubana kabisa, ukurasa haufiki kwako moja kwa moja. Unapita kwanza kwenye mashine za kampuni ya Opera, unafunguliwa pale, unapunguzwa, ndipo unatumwa kwako. Kwa kusoma habari za mpira au bei ya maharagi, hakuna shida. Kwa neno la siri, kwa barua ya siri, kwa pesa, tumia njia nyingine. Firefox ya Android, kwa mfano, inakubali kuongezewa uBlock Origin, inayozuia matangazo. Matangazo yakipungua, na mega zinapungua kuliwa.

La mwisho ni hili. Hata upange vizuri namna gani, kuna mkono unaoweza kukata waya. Tarehe 31 Desemba 2018, kesho yake ya uchaguzi, intaneti ilikatwa inchi nzima, ikarudi baada ya karibu siku 20. Mwanzo wa Februari 2025, siku chache baada ya M23 kuingia Goma, X na hata Play Store zilizuiwa. Play Store ikizuiwa, si kwamba haupati mchezo mpya tu. Haupati dawa ya kivinjari chako, wakati ule ule ambao unaihitaji zaidi.

Siku kama hizo watu wanapeana programu kwa Xender au Bluetooth, mkono kwa mkono. Ni akili ya raia, tunaisifu. Lakini chukua kwa mtu unayemjua, aliyeitoa yeye mwenyewe kwenye Play Store. Kivinjari kilichotoka kwa mtu asiyejulikana, au VPN ya bure iliyoletwa kwenye groupe ya WhatsApp, inaweza kuwa mlango wa mwizi. Ile VPN inaona njia yako yote. Yule unayemkimbia hakuoni tena, ila yule uliyemkimbilia anakuona. Uliza kwanza ni nani.

Kwa hiyo tunadai nini? Kwa serikali: tangu 13 Machi 2023 inchi yetu iko na Code du numérique, na ndani yake kuna ulinzi wa data za mtu. Ielezwe kwa Kiswahili, hadi kijijini, na intaneti isikatwe tena kila wakati wakubwa wanapoogopa. Kwa wote wanaotangaza kazi Kivu Kaskazini: tengenezeni fomu ambazo telefone ndogo inaweza kufungua, au pokeeni ombi kwa barua pepe ya kawaida. Kwa kampuni za vivinjari: mukiondoa kitu cha kubana mega, anzeni kuuliza bei ya mega mahali pa mtu wa mwisho.

Na kwetu sisi wenyewe: kila kijana aliyesikia maneno haya achukue telefone tatu wiki hii, ya mama, ya jirani, ya motari wake, azipange vile tumesema. Asibonyeze peke yake. Amueleze mwenye telefone kwa nini, ili kesho naye aelekeze mwingine. Tukirudi, tutauliza: ni ngapi?

Sasa toeni telefone, tuanze na yule aliye na chaji kidogo.