Kidato cha Kwanza: Njia Kabla ya Daftari

Msikilizaji wa Namasakata, shule hufunguliwa Januari, na Januari huku Ruvuma ni mvua tupu. Kijito alichokiruka mwanao Oktoba sasa kinaweza kumbeba. Sare imeshonwa, fomu ya kujiunga imejazwa. Njia je, mmeipita?

Ipiteni pamoja, tena alfajiri, saa ile ile atakayotoka, siyo Jumapili saa nne jua likiwaka. Atangulie yeye, wewe fuata nyuma. Akikosea kwenye njia panda, nyamaza kidogo, ajirekebishe. Mwonyeshe nyumba mbili tatu za kukimbilia, kisha mtafutie wenzake wa kutoka nao.

Halafu kuna lifti. Hapa sizunguki: bodaboda anayembeba binti bure kila siku ana hesabu yake. Mwambie mtoto, wa kike na wa kiume, kwamba kukataa si utovu wa adabu, hata anayemwita akiwa mtu mzima anayemfahamu. Na aikariri namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto. Haina malipo, na simu ya mwalimu au ya dukani inatosha.