Nahodha Ana Umri Gani? Hesabu za Mashindano kwa Watoto Wadogo

Mazungumzo kwa wazazi na walimu wa chekechea na gredi za chini



Mwishoni mwa miaka ya 1970, watafiti wa ufundishaji wa hesabu mjini Grenoble, Ufaransa, waliwapa watoto wa shule ya msingi swali hili: Ndani ya meli kuna kondoo 26 na mbuzi 10. Nahodha ana umri gani? Watoto walioulizwa walikuwa 97, wa umri wa miaka 7 hadi 9 hivi. Kati yao, 76 walitoa jibu kwa kuzichanganya namba walizopewa. Ukijumlisha 26 na 10 unapata 36, na huo ni umri unaomfaa nahodha kabisa.

Watoto hao hawakuwa wajinga. Kujumlisha walijua, tena vizuri. Walichokuwa wamejifunza shuleni ni kwamba kila swali lina namba, kila swali lina jibu, na mwalimu anangoja. Mzazi wa Maua au wa Siakago anayedhani mtoto wake hawezi kunaswa na amuulize leo jioni, badala ya nahodha aweke dereva wa lori la mifugo. Asimcheke akijibu. Amuulize tu: umejuaje?

Swali hilo dogo la "umejuaje" ndilo linalotenganisha hesabu za mazoezi na hesabu za mashindano. Wazazi wengi waliopo hapa walifanya KCPE, mtihani ulioanza mwaka wa 1985 na kufanywa mara ya mwisho mwaka wa 2023. Hesabu zilikuwa maswali 50, kila moja na A, B, C, D. Aliyekwama alikisia, na wakati mwingine alipata. Kwa hiyo wengi wakisikia mashindano ya hesabu, huona kichwani mtihani huohuo ukiwa na maswali magumu zaidi. Swali zuri la mashindano kwa mtoto wa gredi ya 2 au ya 3 lina namba ndogo sana. Ugumu wake ni kwamba hakuna aliyemwonyesha njia.

Chukueni mfano huu. Katika boma kuna kuku na mbuzi. Vichwa ni 5, miguu ni 14. Mbuzi ni wangapi?

Mtu mzima aliyesoma sekondari atakimbilia x na y. Mtoto wa gredi ya 3 hana x. Ana penseli. Atachora miviringo 5, hao ni wanyama. Kila mmoja lazima awe na angalau miguu 2, basi atachora miguu 2 kwa kila mmoja: 10. Imebaki miguu 4. Hiyo inakwenda wapi? Kwa mbuzi, miwili miwili. Mbuzi ni 2, kuku ni 3. Mwingine hatachora; atakisia mbuzi 1, ahesabu, apate miguu 12, aone haitoshi, aongeze mbuzi. Huyo naye amefanya hesabu ya kweli, na mwalimu anayempa kosa kwa sababu "hukufuata njia" anamwondolea kitu ambacho itachukua miaka kukirudisha.

Au gogo la mgrevilea linalokatwa vipande 5, kila mkato dakika 3. Watoto wengi, na baba zao pia, watasema dakika 15. Ni 12, kwa kuwa mikato ni 4. Anayebisha apewe muwa na kisu.

Kuna mashindano duniani yaliyojengwa juu ya maswali ya namna hii. Yale ya Kangaroo yalianzishwa Ufaransa mwaka wa 1991 na walimu walioiga mfano wa Australia, ndiyo maana yakabeba jina la mnyama wa huko, na yana ngazi za watoto wadogo kabisa. Huku Afrika yapo Mashindano ya Hesabu ya Afrika Nzima, yaliyoanza mwaka wa 1987, na Nairobi iliyapokea mwaka wa 2018. Hayo ni ya wanafunzi wa sekondari. Lakini anayefika huko hakuanzia kidato cha kwanza.

Sasa swali la njiani. Matatu imetoka Embu na abiria 14. Runyenjes wakashuka 5, wakapanda 3. Chuka wakashuka 4, wakapanda 6. Hakuna mwingine aliyeshuka wala kupanda hadi Meru mjini. Abiria wangapi walitoka Embu wakafika Meru?

Kondakta yeyote atasema waliofika ni 14, na kwa nauli yake ni kweli. Lakini swali limeuliza waliotoka Embu. Runyenjes walioshuka wote 5 walikuwa wa Embu, wakabaki 9. Chuka hatujui. Labda walioshuka wote 4 ni wa Embu, basi wamefika 5. Labda wale 3 wa Runyenjes walishuka wote hapo pamoja na mmoja wa Embu, basi wamefika 8. Jibu ni kati ya 5 na 8. Mtoto akisema "haijulikani hasa, lakini hawapungui 5", mpeni maksi zote. Huyo hawezi kumtajia nahodha umri.

Kuhusu lugha. Sera ya elimu inataka watoto wa gredi za chini wafundishwe kwa lugha ya eneo lao, na katika hesabu jambo hili lina faida ambayo haisemwi sana. Sita kwa Kimeru ni ithanthatu, kwa Kiembu ithathatu: ndani yake mna tatu mbili. Nane ni inyanya, yaani inya na inya, nne na nne. Hata nane ya Kiswahili imetoka hukohuko. Mtoto anayehesabu kwa lugha ya nyanya yake tayari ana jedwali la mara mbili mdomoni. Anayeanza na "six" na "eight" hana.

Ni haki pia kusema mipaka ilipo. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeipa kaunti elimu ya chekechea. Shule za msingi ziko chini ya serikali ya kitaifa. Kwa hiyo sehemu ya kaunti ni mtoto wa miaka 4 na 5, na huyo hahitaji mashindano ya kukaa kimya na kupangwa wa kwanza hadi wa mwisho. Anahitaji vizibo vya soda vya kuhesabu, maharagwe ya kugawa, bao la kucheza. Akiwa na hayo, ataingia gredi ya 1 akijua kwamba namba ni vitu.

Gharama isiwe kisingizio. Karatasi za maswali zinazouzwa madukani si lazima, na nyingi ni zilezile za A, B, C, D. Sarafu zinatosha: kwa njia ngapi unaweza kulipa shilingi 20 ukitumia sarafu za 20, 10 na 5? Ni njia 4, na mtoto anayetumwa dukani huzipata kabla ya mtoto anayeletewa kila kitu. Yule wa shule isiyo na maktaba hajaachwa nyuma hapo hata kidogo, ila mara nyingi hakuna aliyemwambia mashindano ni yake pia.

La kwenda nalo nyumbani: una mtungi wa lita 5 na mtungi wa lita 3, havina alama yoyote, na maji ya mfereji. Pima lita 4 kamili. Wazazi wajaribu kwanza, bila kumuuliza mtoto.