Cheti Safi, Wasifu Wenye Mapengo: Kufuatilia Rekodi za Watendaji Wanaotuhumiwa kwa Udanganyifu wa Hisa

Mada kama hii huanza na istilahi, nami nitazipitia kwa haraka kwa kuwa wengi waliomo ukumbini wanazitumia kila siku. Udanganyifu katika dhamana ni kumpotosha anayenunua au kuuza hisa na hatifungani, iwe kwa hesabu zilizopikwa, taarifa iliyofichwa au bei iliyochezewa. Kufuatilia rekodi ya mtendaji ni kujua alikofanya kazi, alivyoondoka, mashauri yaliyomhusu na kampuni alizo na maslahi nazo. Hatua za kawaida zimo katika miongozo yetu. Sehemu iliyobaki inahusu jambo moja: tunauliza kama mtu aliwahi kutiwa hatiani, ilhali mtendaji anaweza kuharibu kampuni mbili tatu bila kusimama hata mara moja mbele ya hakimu wa jinai.

Utaratibu wetu unamfaa mtu wa aina ya Philip Musica. Huyu alitiwa hatiani New York mwaka 1909 kwa kuwahonga maofisa wa forodha ili jibini ya familia yake itozwe ushuru mdogo, na mwaka 1913 akakamatwa tena kwa kukopa benki kwa dhamana ya shehena za nywele zilizopewa thamani ya uongo. Kisha akabadili jina. Kufikia 1926 alikuwa F. Donald Coster, bosi wa kampuni kongwe ya dawa ya McKesson & Robbins, na ndugu zake walifanya kazi humo kwa majina ya bandia. Desemba 1938 ilibainika kuwa takriban dola milioni 19 kati ya milioni 87 za mali zilizoandikwa vitabuni hazikuwapo, na alama za vidole ndizo zilizomfichua. Wakaguzi wa hesabu wanaikumbuka kesi hiyo kwa sababu nyingine: tangu hapo wanatakiwa waende ghalani kushuhudia mali ikihesabiwa na wawaandikie wadaiwa kuthibitisha madeni. Kwa mtu kama huyo, cheti cha polisi kinachotolewa baada ya kuchukua alama za vidole kinatosha.

Albert Dunlap hakubadili jina, wala hakuwahi kutiwa hatiani. Sunbeam, kampuni ya vifaa vya umeme vya nyumbani, ilipomwajiri Julai 1996, hisa za kampuni hiyo zilipanda kwa karibu nusu ya bei katika siku moja, kwa sifa alizotoka nazo katika kampuni ya Scott Paper. Juni 1998 bodi ilimfukuza. Tume ya dhamana ya Marekani, SEC, ilidai kuwa angalau dola milioni 60 za faida ya milioni 189 iliyotangazwa kwa mwaka 1997 zilitokana na hesabu za udanganyifu, yakiwamo majiko ya kuchomea nyama yaliyoandikwa kuwa yameuzwa kabla hayajapelekwa kwa mnunuzi. Mei 2001 ikamfungulia shauri la madai. Julai mwaka huo The New York Times likachapisha mambo ambayo wasaka watendaji na bodi walikuwa hawakuyabaini: alifukuzwa kazi Max Phillips & Son mwaka 1973, akafukuzwa tena 1976 katika Nitec, kampuni ya karatasi ya Niagara Falls, ambako alituhumiwa kukuza faida kwa hesabu. Tuhuma hizo alizikanusha. Lakini kazi zote mbili hazikuwamo katika wasifu wake, na mgogoro wa Nitec ulikuwa umefika mahakamani. Mwaka 2002 alikubali kulipa dola 500,000 na kuzuiwa kuongoza kampuni yoyote inayouza hisa kwa umma, bila kukiri wala kukana. Alifariki 2019 akiwa na rekodi safi ya jinai.

Hili ndilo tatizo linalojadiliwa kikao baada ya kikao na kuachwa lilivyo. Mwombaji wa nafasi ya uongozi anajaza fomu mwenyewe, anasaini, anaambatisha cheti. Karatasi zikitimia, faili linapita. Ajira za nyuma anaziorodhesha yeye, na miaka iliyorukwa haimshtui mtu. Mwajiri wa zamani akiandikiwa, jibu ni mistari miwili: alianza lini, aliacha lini, tunamtakia kila la heri. Wanasheria humshauri hivyo kwa kuogopa kesi ya kashfa. Mara nyingine mhusika aliondoka kwa makubaliano ya siri, na kiinua mgongo juu. Kampuni ya kwanza inanunua amani yake, na bili inawafikia wanahisa wa kampuni ya pili. Kwa heshima zote kwa taasisi husika, huko ni kutimiza fomu tu. Uchunguzi bado haujaanza.

Wapo watakaosema mtu hana hatia mpaka mahakama iseme. Ni kweli, na msimamo huo ulindwe. Lakini kunyimwa kiti cha ukurugenzi si kifungo, na kinachotakiwa hapa ni maelezo. Huenda Dunlap angekuwa na majibu mazuri kuhusu Nitec. Bodi haikupata nafasi ya kuyasikia. Wengine watasema mambo ya miaka ishirini nyuma yamepitwa na wakati. Yangekuwa yamepitwa kama tuhuma za mwanzo na za mwisho zisingefanana kiasi kile. Pingamizi zito zaidi ni sheria za faragha, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022. Hizo hazikatazi uchunguzi. Zinataka uwe na msingi wa kisheria na mhusika ajue, jambo linalowezekana kwa fomu ya ridhaa ya ukurasa mmoja.

Kwa hiyo napendekeza fomu imtake mwombaji aeleze kila mwezi wa maisha yake ya kazi, hata aliokaa nyumbani, na kuacha jambo makusudi kuwe sababu tosha ya kumkataa. Aulizwe pia kuhusu mashauri ya madai na maafikiano bila kukiri kosa, kwa sababu cheti cha polisi, narudia, hakiyaoni. Majina yote aliyowahi kutumia yatafutwe katika masjala za mahakama na za usajili wa kampuni. Waajiri wa zamani wapewe kinga ya kisheria wanapomjibu mdhibiti kwa nia njema. Bila kinga hiyo barua za mistari miwili zitaendelea. Vifungu vya usiri visimfunge mtu mdomo mbele ya mdhibiti. Mamlaka za udhibiti wa dhamana za ukanda wetu wa Afrika Mashariki, ambazo zina jukwaa lao la pamoja tangu 1997, zipeane orodha ya walioondolewa au kukataliwa, ili anayefungiwa mlango Nairobi asipokelewe Kampala au Dar es Salaam kama mgeni. Miaka iliyorukwa katika wasifu ifuatiliwe hata pale ambapo mengine yote yametimia. Na gharama zilipwe na kampuni inayoajiri, kabla jina la mtendaji halijatangazwa sokoni, kwa kuwa hisa zikishapanda kwa jina hilo hakuna bodi itakayotaka kusikia habari za Niagara Falls.