Kiwanja ni cha nani? Mpira na haki ya wahami wa vita katika mji wa Mostar



Tukisema na wahami wa vita juu ya masikilizano, swali moja linarudi kila mara. Mama anauliza: vijana wetu wacheze mpira na vijana wa upande ule, wakati nyumba yetu inakaliwa na mtu mwingine? Tucheze kwanza, ao turudishiwe kwanza kilicho chetu? Ni swali la haki. Leo nitalijibu kwa habari ya ekipe moja ya mbali, iliyofukuzwa kwake kama vile familia inavyofukuzwa.

Mostar ni mji wa nchi ya Bosnia na Herzegovina, kule Ulaya. Uko katika bonde, mto Neretva unapita katikati, na milima inauzunguka. Mlima mmoja unaitwa Velež. Kama vile watu wa Goma walivyoita ekipe yao Virunga kwa jina la milima yao, watu wa Mostar mwaka wa 1922 walianzisha ekipe ya wafanyakazi, wakaiita Velež. Katika mji huo walikaa Waislamu, ndio wanaoitwa leo Wabosniak, pamoja na Wakroati na Waserbia. Luga yao ni karibu moja, soko lao lilikuwa moja, na Velež ilikuwa ya wote.

Miaka ya 1970 Velež ilikuwa na wachezaji watatu mashuhuri: Dušan Bajević, Enver Marić na Franjo Vladić. Bajević ni Mserbia, Marić ni Mbosniak, Vladić ni Mkroati. Marić alilinda lango, Vladić alicheza katikati, Bajević alifunga magoli. Mwishoni mwa mwaka wa 1974 walipigwa 3 kwa 1 na Derby County ya Uingereza, kule kule Uingereza. Kisha wakaipokea Mostar na kuipiga 4 kwa 1, nayo Derby ikatoka mashindanoni. Velež ilitwaa Kombe la Yugoslavia mwaka wa 1981, tena mwaka wa 1986. Katika fainali ya 1981 Vahid Halilhodžić alifunga magoli mawili. Ndiye yule yule aliyekuja baadaye Afrika, akaiongoza Raja ya Casablanca kushinda kombe la mabingwa wa Afrika mwaka wa 1997.

Musikie vizuri, ndugu zangu. Makombe hayo yote hayakuzuia vita. Kucheza pamoja ni jambo jema, lakini mpira peke yake si dawa. Wakati wanasiasa walipowaambia watu kwamba jirani ni adui, wengi walisadiki, hata wale waliokuwa wamekaa bega kwa bega wakiishangilia ekipe moja.

Vita viliingia Mostar mwaka wa 1992. Kwanza mji ulipigwa na majeshi ya upande wa Waserbia, na Wakroati na Wabosniak waliulinda pamoja. Mwaka uliofuata hao wawili nao wakageukiana. Tarehe 9 Mei 1993 Wabosniak wengi wa upande wa magaribi waliondolewa manyumbani mwao na askari wa upande wa Wakroati. Wengi walikusanywa katika kiwanja cha mpira cha Bijeli Brijeg, kiwanja cha Velež yenyewe, kabla ya kupelekwa kufungwa katika kambi ya Heliodrom. Mahali pa furaha pakawa mahali pa kilio. Tarehe 9 Novemba mwaka ule ule, daraja la mawe lililojengwa mwaka wa 1566 lilibomolewa kwa mizinga. Mji ukakatwa mara mbili: Wakroati magaribi, Wabosniak mashariki.

Kiwanja kilibaki magaribi. Huko kulikuwa na ekipe nyingine, Zrinjski, iliyoanzishwa na Wakroati mwaka wa 1905. Nayo ilikuwa na kidonda chake: mwaka wa 1945 serikali ya wakomunisti iliifunga, kwa kuwa ilikuwa imecheza katika mashindano ya serikali ya Kroatia ya wakati wa vita ile. Ilikaa miaka 47 bila kuwako, ikafufuka mwaka wa 1992, kisha ikafanya Bijeli Brijeg kuwa kwake. Velež ikahamia Vrapčići, kaskazini ya mji, ikaanza tena huko. Ndiyo maana ukiuliza Mostar ni nani aliyekosewa, kila upande una jibu tayari. Mwenye kusuluhisha ambaye hasikii kilio cha pande zote mbili hatafika mbali.

Sasa tuone namna walivyorudi kuchezeana. Hawakuanza Mostar. Tarehe 1 Machi 2000, Velež na Zrinjski walikutana katika kiwanja cha Koševo, mjini Sarajevo, kwa mchezo wa kirafiki. Hapo hakuna aliyekuwa mwenyeji, wala aliyekuwa mgeni. Walitoka sare, 2 kwa 2. Ndipo mwezi wa Agosti mwaka ule ule wakacheza mchezo wa ligi Mostar kwenyewe, katika Bijeli Brijeg. Wafuasi wao wamepigana mara nyingi tangu siku ile, na hata hivyo michezo inaendelea. Mwaka wa 2022 Zrinjski ilichukua ubingwa wa Bosnia, na Velež ikachukua Kombe la Bosnia. Makombe makubwa mawili ya nchi yalilala katika mji mmoja.

Lakini kiwanja? Kiwanja hakikurudi kwa Velež. Hapa ndipo ninapotaka tuangalie sheria.

Mapatano ya Dayton, yaliyotiwa sahihi Paris tarehe 14 Desemba 1995, yana sehemu ya saba inayohusu wakimbizi na wahami. Inasema kwamba kila aliyekimbia ana haki ya kurudi kwake kwa hiari na kurudishiwa mali aliyonyang'anywa. Kwa miaka ya kwanza maneno hayo yalibaki karatasini. Kisha sheria za kurudisha manyumba zikatungwa, na ofisi za kila wilaya zikalazimishwa kupokea maombi na kuyakata. Karibu maombi 200,000 yaliletwa, na sehemu kubwa sana ilikuwa imekwisha kukatwa mnamo 2004. Aliyekuwa akikaa katika nyumba ya mwenzake alitakiwa kutoka, na kama hakuwa na pa kwenda, serikali ilipaswa kumtafutia mahali. Wengi waliorudishiwa waliuza, wakakaa walikohamia. Hiyo pia ni haki yao, kwa sababu waliuza kwa hiari na jina lilikuwa lao.

Muone tofauti. Penye sheria iliyo wazi, ofisi ya kupokea lalamiko, na siku ya kulikata, familia ilipata mlango wake. Kiwanja hakikupata njia kama hiyo, na ugomvi wake ungaliko.

Kwa hiyo, mama yangu, jibu langu ni hili: vijana wacheze, na haki iendelee kudaiwa. Moja lisingoje lingine. Anayekuambia kwamba kwa kuwa watoto wamecheza pamoja sasa unyamaze juu ya nyumba yako, anakudanganya. Naye anayewakataza watoto kukutana mpaka nyumba irudi, anafunga njia ambayo nyumba ingepitia.

Viongozi, kazi yenu ni tatu. Ya kwanza, mchague mahali ambapo hakuna upande unaoogopa kufika. Ya pili, musifanye ekipe ya kabila hili dhidi ya kabila lile; muchanganye vijana, kama Velež ilivyofanya. Ya tatu, muandike. Sheria yetu ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali, na mwenye pariseli anahakikisha haki yake kwa certificat d'enregistrement. Lakini wengi wenu mulilima kwa desturi ya mababu, bila karatasi. Kwenu ushahidi ni majirani, mipaka, mti, mtaro, kaburi la babu. Basi chefu wa mtaa na wazee wa pande zote waketi pamoja, waandike nani alikaa wapi, alipakana na nani, na alitoka lini. Mashahidi watie sahihi, na kila upande ubaki na nakala. Wakumbuke pia kuandika jina la mjane na majina ya watoto yatima, maana hao ndio wanaonyimwa kwa urahisi. Na aliye katika nyumba ya mwingine kwa kuwa yake imechomwa, asifukuzwe njiani kama mwizi. Naye atafutiwe mahali.

Mjini Bukavu, kiwanja cha Kadutu kinaitwa Concorde, maana yake masikilizano. Kile cha Goma kinaitwa Unité, maana yake umoja. Majina tunayo tayari. Masikilizano yenyewe yanataka mpira, tena yanataka karatasi na mashahidi.

Mukiisha kusikiliza, muzungumze katika vikundi vyenu: kwetu, ni mahali gani ambapo pande zote zinaweza kufika bila hofu? Na ni nani anayeaminiwa na wote, wa kushika daftari la mali za waliokimbia?