Silaha za Wageni na Meza ya Amani: Tulichojifunza Machakos

Mhadhara wa umma uliotolewa katika eneo la viwanda vya bidhaa za kuuzwa nje (EPZ), Athi River



Mada niliyopewa ni misaada ya kijeshi kutoka nje na nafasi ya kumaliza vita kwa mazungumzo. Kwa kawaida mada hii hujadiliwa katika hoteli za Nairobi mbele ya mabalozi. Nimefurahi kwamba leo tunaijadili na watu wanaoshona suruali za kuuzwa Marekani, tena katika kaunti ambayo jina lake limo katika mojawapo ya hati kubwa za usuluhishi Afrika Mashariki. Tarehe 20 Julai 2002, mjini Machakos, serikali ya Sudan na waasi wa SPLM/A walitia saini Itifaki ya Machakos. Salva Kiir aliwatilia waasi saini, Ghazi Salahuddin Atabani akaitilia Khartoum, na aliyewakalisha pamoja kwa niaba ya IGAD, jumuiya ya nchi za kanda hii, alikuwa Mkenya, Jenerali Lazaro Sumbeiywo. Itifaki ile iliwapa watu wa Kusini haki ya kuamua kwa kura, baada ya kipindi cha mpito cha miaka sita, kama wangebaki ndani ya Sudan au wangejitenga. Vita vyao vilikuwa vimeanza mwaka 1983.

Habari hii husimuliwa kama ushindi wa subira ya msuluhishi. Subira ilikuwepo, na Jenerali Sumbeiywo anastahili heshima yake. Lakini kwa nini watu waliokuwa wamepigana miaka kumi na tisa wakubaliane mwaka ule na si miaka kumi kabla yake? Kwa maoni yangu jibu tutalipata tukiwafuata waliokuwa wakiwapa silaha.

Tuanze na Ethiopia. SPLA, jeshi la waasi hao, ililelewa na mtawala wake, Mengistu Haile Mariam: alikuwa akiipa kambi, mafunzo, redio na bunduki. Mei 1991 Mengistu aliangushwa na msaada ule ukakatika ghafla. Amani haikuja. Agosti mwaka huohuo, huko Nasir, makamanda Riek Machar na Lam Akol walijitenga na kiongozi wao, John Garang, na watu wa Kusini wakaanza kuuana wenyewe kwa wenyewe. Khartoum ilipowaona adui zake wamegawanyika iliamini kwamba sasa inaweza kushinda vita kwa bunduki. Mwaka 1992 wajumbe wake walikwenda Abuja, Nigeria, kuzungumza huku jeshi lake likisonga mbele, na Julai likauteka mji wa Torit, ngome kuu ya Garang. Mazungumzo ya Abuja yalivunjika mwaka ule, na mwaka uliofuata yakavunjika tena.

Naomba tukio hilo mlikumbuke, kwa sababu wapenda amani wengi husema kwa nia njema kabisa: zuieni silaha, amani itakuja. Ukizuia silaha za upande mmoja tu, upande wa pili hauna sababu ya kukaa kitako na kuzungumza. Utazungumza ili kupoteza wakati huku askari wake wakiendelea na kazi.

Miaka iliyofuata majirani waliugeuza ugomvi wa Sudan kuwa wao. Uganda iliisaidia SPLA, na Khartoum ikajibu kwa kulisaidia kundi la waasi wa Uganda, LRA la Joseph Kony, na watoto wa Gulu na Kitgum wakalipa deni wasilolikopa. Mwaka 1996 Marekani ilitoa vifaa vya kijeshi vya takriban dola milioni 20 kwa Uganda, Ethiopia na Eritrea, vikielezwa kuwa si vya kuua, ili kuibana Khartoum. Mei 1998 Ethiopia na Eritrea zikageukiana na kuanza kupigana zenyewe. Mwaka 1999 Khartoum ilianza kusafirisha mafuta kupitia Port Sudan, ikawa na pesa za kununua helikopta za kivita. Kila upande ukawa na mahali pa kupata silaha za kuuzuia usishindwe, lakini hakuna uliokuwa na silaha za kuupa ushindi.

Kisha mtoaji mkubwa akabadili nia. Septemba 2001 Marekani ilimteua John Danforth kuwa mjumbe wake wa Sudan, na baada ya mashambulizi ya New York na Washington mwezi huohuo Khartoum iliogopa kuhesabiwa miongoni mwa maadui. Washington, iliyokuwa upande wa waasi kwa miaka, sasa ilitaka makubaliano kuliko ilivyotaka serikali ya Khartoum ianguke. Juni 2002 wajumbe wakaja Machakos.

Hata baada ya saini ya Julai, bunduki zilijaribiwa tena. Tarehe 1 Septemba SPLA iliutwaa upya mji uleule wa Torit, na Khartoum ikasimamisha mazungumzo kwa hasira. Oktoba jeshi la serikali likaurudisha. Tarehe 15 Oktoba pande zote mbili zikakubaliana kusitisha mapigano, na wajumbe wakarudi Machakos. Ndani ya majuma yale sita kila upande ulikwenda kuulizia vitani kama ungepata zaidi ya ulichopewa mezani. Waliokufa Torit ndio waliolipia swali hilo. Mkataba kamili wa amani ulitiwa saini katika uwanja wa Nyayo, Nairobi, tarehe 9 Januari 2005.

Amani hiyo haikuwapokonya wakubwa njaa ya silaha. Septemba 2008 maharamia wa Somalia waliiteka meli iitwayo MV Faina ikielekea Mombasa na vifaru 33 vya aina ya T-72 kutoka Ukraine. Serikali yetu ilisema vifaru hivyo ni vya jeshi la Kenya. Hati za mizigo zilikuwa na herufi zilizoonyesha serikali ya Sudan Kusini. Nchi iliyosimamia amani ilikuwa ikitajwa kama njia ya kupitishia vifaru, na hatukuwahi kupewa maelezo ya kuridhisha. Naona lilikuwa kosa zito, maana mpatanishi hana jeshi wala hazina. Mali yake yote ni kuaminiwa.

Sudan Kusini ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011, na Desemba 2013 ikaingia vitani na nafsi yake, Rais Kiir kwa upande mmoja na Machar kwa upande wa pili. Majeshi ya Uganda yaliingia upesi kumwokoa Kiir. Inawezekana yaliepusha mauaji makubwa zaidi Juba, na sitaki kulipuuza hilo. Lakini Kiir, akiwa na jeshi la jirani mgongoni, alikwenda kwenye mazungumzo ya Addis Ababa bila haraka yoyote. Alitia saini Agosti 2015 huku akieleza wazi kwamba hakuridhika, na Julai 2016 mkataba ukateketea kwa mapigano katikati ya Juba.

Tazameni sasa yaliyotokea mwaka 2018. Juni, mazungumzo yalihamia Khartoum, na waliosimama nyuma ya meza walikuwa Omar al-Bashir wa Sudan, aliyekuwa akilaumiwa kwa kumsaidia Machar, na Yoweri Museveni wa Uganda, aliyemwokoa Kiir. Tarehe 13 Julai Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likaweka marufuku ya silaha kwa Sudan Kusini nzima, yaani kwa pande zote. Septemba mkataba mpya ukatiwa saini. Bashir na Museveni hawakuwa watakatifu. Walikuwa wamechoka na wakimbizi, na walitaka mafuta yatiririke tena. Lakini walikuwa na uwezo ambao msuluhishi yeyote wa Addis Ababa hakuwa nao: kumwambia mteja wao kwamba sasa basi. Amani ile ni dhaifu mpaka leo, na kalenda ya uchaguzi wake imesogezwa tena na tena. Hata hivyo ilifanya kilichoshindikana kwa miaka mitano.

Najua kuna anayetaka kuniuliza kuhusu jimbo la Tigray nchini Ethiopia, na ana haki. Vita vya Tigray vilianza Novemba 2020. Mwaka mmoja baadaye wapiganaji wa Tigray walikuwa wakiisogelea Addis Ababa. Ndege zisizo na rubani ambazo serikali ya Ethiopia ilizipata kutoka nje, zikiwemo Bayraktar za Uturuki, zilichangia sana kuwarudisha nyuma. Tarehe 2 Novemba 2022 mkataba ulitiwa saini Pretoria, na Rais mstaafu Uhuru Kenyatta alikuwa miongoni mwa wasuluhishi. Kwa hiyo, husema mwenye hoja, silaha za nje zilileta amani.

Zilisaidia kumaliza vita vile, nakubali. Sasa tuangalie gharama na kilichobaki. Vita viliendelea karibu mwaka mzima baada ya ndege hizo kugeuza mambo, na Tigray ilizingirwa, watu wakakosa chakula na dawa. Na Eritrea, ambayo jeshi lake lilipigana kwa upande wa serikali, haikukaa Pretoria wala jina lake halikuandikwa katika mkataba. Makamanda walipokutana Nairobi tarehe 12 Novemba, waliandika kwamba Tigray itaweka chini silaha nzito sambamba na kuondoka kwa majeshi ya kigeni. Majeshi ya Eritrea yalibaki katika baadhi ya maeneo. Asiyetia saini hajifungi kwa lolote.

Ninyi wa EPZ mnajua gharama nyingine. Tarehe 1 Januari 2022 Marekani iliiondoa Ethiopia katika mpango wa AGOA, ule uliokuwa ukiziruhusu nguo zenu kuingia Marekani bila ushuru, kwa sababu ya ukiukaji wa haki za binadamu katika vita hivyo. Huko Hawassa, Ethiopia, kuna viwanda kama vyenu, na wengi wanaofanya kazi humo ni wasichana waliotoka vijijini kutafuta mshahara. Kampuni kubwa ya mavazi ilitangaza kuondoka hata kabla ya tarehe hiyo kufika, na ajira zikapotea. Wasichana hao hawakuagiza ndege hata moja. Wala wasichana wa hapa, ambao labda walipata oda chache za ziada kwa msiba wa wenzao, hawakuwa na kosa.

Nije Sudan ya leo. Tangu tarehe 15 Aprili 2023 jeshi la Abdel Fattah al-Burhan na kikosi cha RSF cha Mohamed Hamdan Dagalo wanapigana. Tarehe 11 Mei 2023 walitia saini ahadi ya kulinda raia huko Jeddah, na mapigano hayakusimama. Burhan amepata msaada wa Misri na ndege zisizo na rubani za Iran na Uturuki. Kuhusu RSF, wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika mapema 2024 kwamba madai ya silaha kutoka Falme za Kiarabu kupitia Chad yanaaminika. Falme za Kiarabu zimekanusha. Septemba 2025 Marekani, Saudi Arabia, Misri na Falme za Kiarabu zilitamka kwa pamoja kwamba vita hivi haviwezi kwisha bila msaada wa kijeshi wa nje kukoma. Wiki chache baadaye, tarehe 26 Oktoba, mji wa El Fasher uliangukia mikononi mwa RSF baada ya kuzingirwa kwa takriban miezi kumi na minane, na raia wakachinjwa.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo. Kuwakalisha Burhan na Dagalo peke yao ni kukaa na waliokodishiwa bunduki na kuwaacha nje wenye bunduki. Makubaliano ya Sudan yawe na pande za nje kama watia saini, wakitaja viwanja vya ndege na mipaka watakayofunga, na silaha zizuiwe kwa pande zote kuanzia siku ileile moja. Marufuku ya silaha ya Umoja wa Mataifa bado inahusu Darfur peke yake, tangu 2004. Inapaswa kuihusu Sudan nzima.

Na Kenya? Februari 2025 RSF na washirika wake walitia saini mkataba wa serikali yao jijini Nairobi. Serikali yetu ilisema inatoa jukwaa la amani. Sudan ilimwita balozi wake nyumbani na mwezi uliofuata ikapiga marufuku bidhaa za Kenya, chai ikiwemo. Tangu siku hiyo hakuna Msudan wa upande wa pili anayeweza kuja Machakos akiamini kwamba amekuja kwa mwenyeji asiye na upande.

Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi saba zilizoanzisha juhudi zilizozaa Mkataba wa Biashara ya Silaha wa mwaka 2013. Ina sauti katika jambo hili. Nawaomba, mtakapokutana na mbunge wenu wa Mavoko, mumtake aulize bungeni ni silaha za nani zinazopita katika bandari na viwanja vyetu vya ndege, zinakwenda wapi, na kwa idhini ya nani. Muulizeni kabla hajaomba kura zenu mwaka 2027.